Neno na Ukoo Wake

Wasikilizaji, jioni hii nitazungumza nanyi juu ya jambo linalowashughulisha wengi katika nchi zetu, wazazi kwa watoto: namna ya kuyakusanya maneno ya Kiingereza, si yale mepesi ya sokoni na ya maamkizi, ambayo kila mtu huyaokota njiani, bali yale mazito ya vitabuni, ya mahakamani, ya hospitalini na ya vyuoni, ambayo asiyeyajua husimama nje ya elimu kama mgeni aliyepiga hodi hata sauti ikamkauka, asitokee wa kumkaribisha.

Juzi, baada ya sala ya alasiri, nilipita barazani kwa jirani yangu nikamkuta kijana wake, aliyemaliza darasa la saba akaingia kidato cha kwanza, yaani aliyevuka ghafla kutoka shule iliyomfundisha hesabu na jiografia kwa Kiswahili hadi shule inayomfundisha yayo hayo kwa Kiingereza. Alikuwa ameinamia daftari. "Shikamoo mjomba," akaniamkia. Nikaitika marahaba, nikaketi mkekani kando yake, nikatazama anachoandika. Kurasa zilikuwa zimepigwa mstari katikati kwa rula, upande wa kushoto neno la Kiingereza, upande wa kulia neno moja la Kiswahili, na maneno yenyewe yamefuatana kama yalivyo katika kamusi: "abandon", "abase", "abate", "abdicate", "abduct". Alikuwa amejiwekea maneno 30 kwa siku, na wino ulikuwa umemwingia vidoleni kwa bidii yake. Nikaufunika upande wa kulia kwa kiganja, nikamwuliza "abate", ambalo maana yake ni kupungua nguvu. Akanipa maana ya "abase", kudhalilisha. Nikamwuliza "abdicate", kujiuzulu ufalme; akajibu kuteka nyara, ambayo ni maana ya "abduct". Akainamisha kichwa, machozi yakamlengalenga, akasema, "Mjomba, jana usiku niliyajua yote."

Nami namsadiki kwamba aliyajua. Kosa halikuwa la akili yake wala la bidii yake, bali la mpango alioufuata. Mpangilio wa alfabeti, wasikilizaji, umewekwa kwa manufaa ya mtu anayetafuta neno, apate kuliona upesi. Haukuwekwa kwa manufaa ya mtu anayejifunza, kwa maana huyakalisha pamoja maneno yasiyokuwa na udugu wowote ila kufanana sura, na vitu viwili vilivyofanana sura na kutofautiana maana, vikiingia kichwani mwa mtu kwa siku moja, hugombana humo humo hata kila kimoja kikafuta alama ya mwenziwe.

Sisi wenye Kiswahili hatuna haja ya kwenda mbali kuitafuta dawa ya ugonjwa huu, kwa kuwa tumezaliwa nayo vinywani mwetu. Mtoto wa miaka sita aliyekwisha kulijua neno "soma", siku atakayosikia kwa mara ya kwanza "msomaji", "somesha" au "usomaji", hamwulizi mtu. Hulipokea neno jipya kama anavyompokea binamu aliyetoka shamba, ambaye hajapata kumwona lakini anamtambua kwa pua na kwa paji la uso. Kadhalika katika maneno tuliyoyapata kwa Waarabu: "kitabu", "katibu", "maktaba" na "mkataba" yote yametokana na herufi tatu, kaf, te na be, zenye maana ya kuandika, na "elimu", "mwalimu", "mtaalamu" na "maulamaa" ni watoto wa mzizi mmoja wa kujua. Frederick Johnson alipoitengeneza ile kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza, iliyotoka mwaka 1939, aliifuata tabia hii ya lugha yetu, akayaweka aghalabu maneno yaliyozaliwa na kitenzi chini ya kitenzi chenyewe, hata mtu aliyekuja kutafuta mmoja hukuta ukoo mzima umeketi pamoja.

Basi Kiingereza nacho kina koo zake, ila kwa kuwa wazee wake wengi wamezikwa katika Kilatini na Kiyunani, mgeni hatambui udugu mpaka aonyeshwe makaburi. Chukueni mzizi wa Kilatini wenye maana ya kuandika, ndugu kwa maana wa ile kaf, te na be tuliyoitaja, ambao katika Kiingereza huja kwa sura mbili, "scribe" na "script". Mwandishi wa zamani, karani wa wafalme na wa vitabu vitakatifu, huitwa "scribe", naye ni katibu wetu. Tanguliza neno la mkono, "manu", upate "manuscript", mswada ulioandikwa kwa mkono. Tanguliza "post", baada, upate "postscript", yale maneno ya nyongeza tunayoyatia chini ya barua baada ya kwisha kuweka sahihi, ambayo huyaandikia mbele herufi mbili, P na S, na wengi wetu tumezitumia herufi hizo miaka mingi pasipo kujua zilikotoka. Tanguliza "sub", chini, upate "subscribe": kuandika jina lako chini ya hati, na madhali atiaye sahihi chini ya hati hujifunga kulipa, neno limekuja kuwa la mtu anayelipia gazeti lake kwa mwezi au kwa mwaka. Tanguliza "con", pamoja, upate "conscript", askari ambaye jina lake limeandikwa pamoja na ya wenziwe katika daftari la vita, apende asipende. Na ile karatasi tunayopewa na daktari, "prescription", imetangulizwa "pre", kabla, kwa kuwa ni maandishi yanayoitangulia dawa: muuza dawa hanyanyui chupa mpaka ayaone.

Angalieni kwamba hapa hatukukariri kitu. Tumefahamu mzizi mmoja na viambishi vichache, na viambishi hivyo havikufa baada ya kazi hii moja, bali vinakwenda kufanya kazi katika koo nyingine mamia. Aliyeijua "sub" ya "subscribe" ameshaikuta katika "submarine", chombo kiendacho chini ya bahari. Aliyeijua "manu" ya "manuscript" anaikuta katika "manual", kazi ya mikono, na katika "manufacture", neno ambalo hapo asili lilikuwa kutengeneza kitu kwa mkono, hata kama leo mashine ndiyo inayotengeneza na mkono unabonyeza kitufe tu.

Ndivyo nilivyofanya na yule kijana. Nilimwambia, "Mwanangu, tuwarudishe hawa kwao." "Abduct" tukalirudisha kwa mzee wake, ambaye maana yake ni kuongoza, tukalikalisha na "conduct", "introduce", "produce" na "reduce", na kwa kuwa "ab" ni mbali, kumwongoza mtu kwa nguvu kwenda mbali na kwao ndiko kumteka. "Abdicate" likaenda kwa wazee wa kunena na kutangaza, walikozaliwa "dictate" na "dedicate": mfalme anatangaza kwamba anauweka ufalme mbali naye. "Abate" likaenda kwa wazee wa kupiga, kwa ndugu zake "battle" na "combat", na hata "debate", kwani mjadala nao ni watu kupigana kwa maneno. Upepo uliopigwa ukalazwa chini ndio upepo uliopungua. Maneno matatu yaliyokuwa yakigombana katika ukurasa mmoja sasa yalikuwa na nyumba tatu mbalimbali, na nilipomwuliza tena kabla ya magharibi hakukosea hata moja.

Lakini neno halina ukoo tu, lina na daraja, na hapa lazima nieleze kidogo historia. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari kutoka Ufaransa akaipiga Uingereza na kuimiliki, na kwa vizazi kadha baada yake wakubwa wa nchi walisema Kifaransa ilhali wakulima na wachungaji wakiendelea na Kiingereza chao cha kale. Ushahidi wa mambo hayo upo mpaka leo katika nyama: mnyama akiwa malishoni, mikononi mwa mchungaji, jina lake ni "cow", "sheep" au "pig", majina ya kale ya wenyeji; akifika mezani pa bwana huwa "beef", "mutton" au "pork", ya Kifaransa. Kisha wanazuoni wakaleta Kilatini moja kwa moja kutoka vitabuni, na hivyo tendo moja likapata majina matatu: "ask", la kila siku; "question", lenye ukali kidogo; na "interrogate", la askari anayemkabili mtuhumiwa. Jambo hili lisitutishe, maana nasi tunalo: tuna "uliza", tuna "hoji", tuna "saili", na kila msemaji hodari hujua lipi la barazani na lipi la mahakamani. Tuna "kufa" na "kufariki", wala hapana mtu timamu asemaye kwamba kuku wake amefariki. Basi anayeandika neno la Kiingereza katika daftari lake pasipo kuandika na mahali linapotumika amelichukua nusu, na nusu hiyo itamwaibisha siku atakapoandika barua ya kuomba kazi.

Sasa niingie katika fasili, nusu ya pili ya maneno yangu, ambayo kwa rai yangu ndiyo iliyosahauliwa zaidi. Neno letu "kamusi", kwa wasiojua, ni neno la bahari. Wayunani waliiita bahari kuu Okeanos; Waarabu wakalichukua neno wakalitamka kwa ulimi wao, "qamus"; na mwanachuoni al-Firuzabadi alipotunga kamusi yake mashuhuri ya Kiarabu akaiita bahari kuu izungukayo, kitabu hicho kikaenea hata jina lake likawa jina la vitabu vyote vya aina ile. Waingereza nao walilichukua neno la Kiyunani kwa njia nyingine, likawa "ocean". Kwa hiyo "kamusi" na "ocean" ni watoto wa baba mmoja waliolelewa nyumba mbili, na naona uzuri mkubwa kwamba kijana wa Kilwa au wa Lamu anaposhika kamusi ameshika, kwa jina, bahari anayoiona mlangoni pake.

Lakini si kila aliyejitupa baharini ametoka na lulu. Samuel Johnson, mkazi wa London, alitoa mwaka 1755 kamusi ya Kiingereza yenye maneno yapatayo 42,000, kazi aliyoifanya kwa takriban miaka tisa, na utukufu wake haupingiki; walakini alipofika kwenye neno "network", ambalo kila mvuvi wetu angelieleza kwa kuunyanyua wavu wake, alilifasiri kwa maneno mazito ya Kilatini hata msomaji aliyekuja na neno moja asilolijua aliondoka na manne. Ubaya huu ulidumu katika kamusi nyingi mpaka karne ya 20, alipotokea mwalimu mmoja Mwingereza, Michael West, aliyekuwa amefundisha Bengal na kuona kwa macho yake jinsi watoto wa lugha nyingine wanavyotaabika. Katika kamusi yake ya mwaka 1935 alijifunga kwa sharti gumu: kufasiri maneno na misemo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu, ya kawaida, asitoke nje yake. A. S. Hornby naye, aliyekuwa mwalimu Japani, alitengeneza pamoja na wenziwe kamusi ya wanafunzi iliyopigwa chapa Tokyo mwaka 1942, kisha ikatolewa na Oxford mwaka 1948, na kizazi chake ndicho kinachouzwa hata leo katika maduka yetu ya vitabu. Kamusi za namna hii ndizo ninazowasihi wazazi wawanunulie watoto, kabla ya zile nene zinazopendeza rafuni.

Na kwa nini fasili, na si tafsiri ya neno kwa neno? Kwa sababu tafsiri ni daraja zuri la kuvukia, lakini hapana ajengaye nyumba juu ya daraja. Yule kijana alikuwa ameandika "heshima" mara tatu katika daftari lake: mbele ya "respect", mbele ya "honour" na mbele ya "dignity". Nikamwambia afunge daftari, anieleze kwa maneno yake heshima hizi zinatofautiana wapi. Tulikaa kitambo. Mwisho, kwa kusaidiana, tuliona kwamba "respect" ni heshima ninayompa mwingine, nami naweza kumnyima. "Honour" ni heshima anayotunukiwa mtu mbele ya watu, au ile anayoilinda katika jina lake. Na "dignity" ni heshima aliyo nayo binadamu kwa kuwa binadamu, ambayo hata maskini aliyefungwa gerezani anayo. Huo ndio ufafanuzi ambao wanazuoni wa mantiki, tangu Aristotle na wale wa Kiarabu waliomfuata, waliufundisha kwa kanuni moja nyepesi: taja kwanza jinsi ya kitu, kisha taja kinachokitenga na wenziwe wa jinsi ile. "Scalpel" ni kisu, hiyo ndiyo jinsi. Kidogo, chenye makali mno, cha daktari wa upasuaji, hiyo ndiyo tofauti. Mwanafunzi na aandike fasili yake mwenyewe kwanza, kwa Kiingereza chake kidogo alicho nacho, ndipo afungue kamusi ajisahihishe. Maana fasili uliyoitolea jasho haikutoki kwa urahisi kama ile uliyoinakili.

Tena fasili ndiyo inayotulinda na ukoo wenyewe, kwa sababu ukoo ni kiongozi wa njia, si hakimu. Wapo waliofuata sura ya neno wakapotea. "In" mbele ya neno la Kilatini aghalabu hukanusha, lakini si siku zote: "inflammable", iliyoandikwa kwenye mapipa na malori ya mafuta, haina maana ya kitu kisichowaka, bali ina maana ya kitu kiwakacho upesi, sawasawa na "flammable"; na mtu aliyeisoma kwa kukisia akawasha kiberiti hapati nafasi ya pili ya kujifunza. "Invaluable" si kitu kisicho na thamani. Ni kitu ambacho thamani yake haikadiriki. Vilevile "legible" na "readable": Kiswahili husema "yasomeka" kwa yote mawili, lakini la kwanza ni la hati, kwamba herufi zake zaonekana wazi, na la pili ni la kitabu, kwamba chavuta msomaji, na yawezekana kabisa barua iwe na hati safi kama lulu na isivumilike kusomwa.

Kwa kuwa tuko hewani, mnanisikia wala hamnisomi, nitaje na jambo la sauti. Katika Kiswahili mkazo huketi juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tumeuzoea hata hatuufikirii. Katika koo za Kiingereza mkazo huhama. Sikilizeni nikiyatamka taratibu: "photograph", mkazo uko mwanzo, "photographer", umesogea silabi ya pili, "photographic", umefika ya tatu. Ukoo ni ule ule, lakini asiyeutamka kwa sauti huujua kwa macho tu, na akizungumziwa na mgeni kwa kasi hautambui.

Najua kuna msikilizaji anayesema moyoni kwamba kazi hii haina mwisho. Mwisho inao. Michael West huyo huyo alitoa mwaka 1953 orodha ya maneno 2,000 yanayotumika zaidi katika Kiingereza, na mwaka 2000 mwanachuoni wa New Zealand, Averil Coxhead, baada ya kupekua maandishi ya kitaaluma yenye maneno yapatayo milioni tatu na nusu, alitoa orodha ya pili, ya yale yaliyo nje ya hayo 2,000 lakini yanayorudi tena na tena katika vitabu vya sheria, sayansi, biashara na fani nyinginezo. Aliyahesabu kwa koo, si kwa neno moja moja, nazo zikawa koo 570, ambazo hulipa takriban neno moja katika kila maneno kumi ya vitabu hivyo. Koo 570, ndugu zangu, kwa mwendo wa koo tatu kwa juma, ni kazi ya muda usiozidi miaka minne, yaani tangu kidato cha kwanza hadi cha nne.

Nawaachia kazi ya usiku huu, nayo ni ya watu wa pwani. Kuna mzizi wa Kilatini, "port", wenye maana ya kubeba, na mchukuzi wa mizigo kwa Kiingereza ni "porter". Ukoo wake umeandikwa kwenye hati zote za forodhani: "import", kubeba kuingia, "export", kubeba kutoka, "transport", kubeba kuvuka kwenda ng'ambo. Lakini kuna "port" nyingine, ya bandari, na hiyo ndiyo iliyozaa "passport". Hiyo ndiyo pia iliyozaa neno ambalo wazee wetu wa majahazi wangelielewa kuliko profesa yeyote. Warumi waliuita upepo unaovuma kuelekea bandarini, upepo anaoungoja nahodha akiwa nje na shehena yake, kwa jina ambalo kwa Kiingereza limekuwa "opportunity", nafasi njema. Chukueni daftari, mpige mstari, mziandike koo hizi mbili kila moja na nyumba yake, na chini ya kila neno mtoto aandike fasili yake mwenyewe kwa maneno asiyohitaji kuyatafuta. Asubuhi ufunikeni ukurasa kwa kiganja, mmwulize.